Trekta la Mjukuu Wangu

Jioni moja ya kiangazi mjukuu wangu alinijia nyumbani, akanipa shikamoo, nikamwitikia, akaketi kwenye kigoda bila hata kuvua kofia. Kwa kawaida kijana huyu hutanguliza utani kabla ya shida. Siku hiyo alitanguliza karatasi. Ilikuwa picha ya trekta lililokwisha kutumika, la nguvu za farasi 75, ambalo mfanyabiashara mmoja wa huko tambarare alikuwa akiliuza. Chini ya picha ilikuwapo fomu ya mkopo, na chini ya fomu mstari mtupu uliokuwa ukingoja sahihi yangu. Dhamana ni shamba letu la familia, ekari nne zinazoanzia mgongoni mwa mlima na kuishia bondeni kwenye mfereji.

"Babu," akaniambia, "jembe la mkono limetuchosha. Wenzetu wa tambarare hulima ekari nzima kabla ya saa nne asubuhi. Sisi watu wa Usambara tumemkosea nani?"

Ndugu msomaji, swali hilo si la kipuuzi. Anayeishi Lushoto anajua jinsi mgongo wa mwanamke unavyopinda kabla ya wakati wake. Kabichi, viazi na karoti zinazopakiwa kwenye malori kwenda Tanga na Dar es Salaam hutoka kwenye vishamba ambavyo mgeni akivitazama hujiuliza mkulima anasimamaje. Kijana anayetaka kuondoa mateso hayo si mvivu. Hata hivyo nilimwomba anipe juma moja. Alidhani nafikiria deni. Kumbe nilikuwa nafikiria mwaka 1976, jambo ambalo katika nyumba yetu halikuwahi kusimuliwa kwa ukamilifu.

Kabla ya kulifikia hilo, hapana budi nieleze jinsi milima hii ilivyozoea kuchaguliwa zana na watu wengine. Bibi zetu walilima kwa kuchanganya: migomba, mahindi, maharage na miti katika kishamba kimoja, kiasi kwamba mvua haikupata mahali pa kuupiga udongo uchi. Watu walipoongezeka na mashamba kupungua, udongo ulianza kushuka. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kuokoa ardhi huko Mlalo, mwaka 1946, na baadaye ukapanuliwa katika Usambara. Watu waliamriwa kupiga matuta, na aliyekaidi aliadhibiwa. Nia ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa na maana. Lakini kazi ya matuta iliongezwa juu ya kazi nyingine zote, mavuno hayakuongezeka kwa kadiri ya jasho, na wengi waliogopa kwamba ardhi iliyotengenezwa kwa amri ingechukuliwa kwa amri. Mradi ule uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko Uluguru, ambako Waluguru walilazimishwa kujenga ngazi, mambo yalilipuka mwaka 1955 hata mtu akauawa kwa risasi ya polisi.

Linganisha na Wamatengo wa Mbinga. Wao hulima kwenye miteremko mikali kwa mashimo waitayo ngoro: nyasi hulazwa kama miraba ya wavu, udongo hufukuliwa katikati na kufunika nyasi hizo, na kila shimo hushika maji yake lenyewe. Hakuna bwana shamba wa kikoloni aliyewafundisha. Mteremko ndio uliowafundisha, nao wakaitikia kwa mikono. Wala hakuna trekta, kubwa au dogo, liwezalo kuchimba ngoro.

Sasa nije kwenye trekta lenyewe. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, na katika kufundisha nilipata mazoea ya kuuliza kila chombo: wewe ulizaliwa kujibu swali gani? Trekta lilizaliwa kwenye ardhi pana na tambarare. Mwaka 1917 Henry Ford alianza kutoa kwa wingi trekta lake dogo la Fordson, jepesi na la bei nafuu kuliko yaliyotangulia. Lakini lilikuwa na tabia mbaya. Plau ilivutwa nyuma kama mkokoteni, na iliponasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yalizidi kusukuma, pua ikainuka, na trekta zima likaweza kupinduka kinyumenyume juu ya dereva.

Aliyelishika swali hilo kwa meno alikuwa Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa County Down huko Ireland. Alifikiri kwamba plau isiburutwe, bali ifungwe kwenye trekta kwa mikono mitatu, ili ikinasa, nguvu ileile iliyotaka kuinua pua igeuke kuikandamiza. Aliongeza nguvu ya haidroliki ya kuinua na kushusha plau. Mwaka 1938 alipeana mkono na Ford bila mkataba wa maandishi, na mwaka 1939 likatoka trekta la Ford 9N lenye mfumo huo. Baada ya vita, kuanzia 1946 hadi 1956, trekta lake la kijivu, TE20, lilitengenezwa huko Coventry, Uingereza, zaidi ya 500,000. Lilikuwa na uzito wa tani moja na ushei tu. Leo karibu kila trekta unaloliona likipita barabarani limebeba plau yake kwa mikono mitatu ya Ferguson.

Lakini tazama: Ferguson alijibu swali la trekta kupinduka kinyumenyume. Hakujibu swali la kupinduka kwa ubavu. Hilo lilingoja watu wengine. Mwaka 1959 Sweden ilitoa sheria kwamba matrekta mapya yawe na kinga ya chuma juu ya dereva, na Uingereza ikafuata kwa matrekta mapya mwaka 1970. Tao lile la chuma unaloliona nyuma ya kiti halizuii trekta kupinduka. Linazuia lisimlalie dereva, nalo humfaa yule tu aliyefunga mkanda.

Huku kwetu, wakati Ferguson anatoa trekta lake jepesi, serikali ya Uingereza ilikuwa ikileta mitambo mizito Kongwa kwa mradi wa karanga. Ulianza mwaka 1947 ukikusudia zaidi ya ekari milioni 3. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Kongwa si mlima, na matrekta hayakupinduka, yaliharibika. Mibuyu iligoma kung'oka, udongo wa mfinyanzi ukakauka kama tofali, mvua ikakosekana. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36. Mashine zilikuwa zimeagizwa kabla ya ardhi kuulizwa.

Hapo ndipo ninapofika mwaka 1976.

Kaka yangu, babu mzaa baba wa kijana huyu, alikuwa dereva wa trekta la kijiji. Alikuwa na umri wa miaka 28, mwenye mke na mtoto aliyekuwa bado anatambaa. Trekta liliposhuka kwenye lori, kijiji kizima kilitoka na ngoma. Kaka alilipenda. Jioni alilifuta vumbi kwa khanga kuukuu. Kwa misimu miwili alilima bondeni bila tatizo. Msimu wa tatu wakubwa wa siku zile waliamua kwamba shamba la pamoja lipande juu kwenye mteremko, kwa kuwa bonde lilikuwa limekwisha.

Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, nami nilikuwapo. Kaka aliutazama mteremko kwa muda mrefu, akasema, "Hapa pamesimama mno." Akajibiwa kwamba trekta halina woga, woga ni wa dereva. Basi akaanza kulima. Alilima kwa kukata mteremko, yaani kwa kuufuata usawa wa kilima, kama alivyofundishwa, ili mvua isije ikapata mifereji ya kuteremkia. Alikuwa anautunza udongo. Katika mzunguko wa nne tairi la chini liliingia kwenye mfereji wa plau, la juu likapanda jiwe. Sikusikia kishindo kikubwa kama watu wanavyodhani. Nilisikia injini ikipaza sauti, kisha ikanyamaza. Trekta halikuwa na tao la chuma wala mkanda. Tulimzika kesho yake.

Nyumbani ilisemwa "ajali" tu, na neno hilo likafunga mlango. Baba alilikataa jambo hilo lisizungumzwe mbele ya mtoto, na mtoto alipokuwa mtu mzima hakuuliza. Mimi nami nilinyamaza, nikajiona nina busara. Lakini ukimya wa mzee una hasara yake: mjukuu alikuja kuniomba sahihi ya trekta la kulimia mteremko uleule, na hakuwa na kosa lolote, kwa maana hatukumwambia.

Katika lile juma moja nilielewa kitu ambacho kwa miaka yote sikuwahi kukiweka kwa maneno. Kaka hakufa kwa uzembe. Alikamatwa kati ya matakwa mawili. Udongo unataka ulimwe kwa kukata mteremko, ili maji yatulie. Trekta linataka lipande na kushuka wima, ili lisilale ubavu. Ukiutii udongo, unahatarisha dereva. Ukilitii trekta, unachora mifereji ya kuondolea udongo kwenda mtoni. Isitoshe, hata bila tone la mvua, kila plau inapogeuza udongo kwenye mteremko huusogeza chini kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi mgongo wa mlima ubaki mweupe. Kwenye mteremko mdogo matakwa hayo mawili hupatana. Ukizidi, hakuna njia sahihi ya kupita na trekta la kawaida, hata awe dereva gani.

Juma lilipokwisha nilimwita mjukuu. Nilimweleza habari za babu yake, zote. Alivua kofia. Alikaa kimya, halafu akauliza jambo moja tu: "Ni pale penye miwati?" Nikamwambia ndipo. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo babu, sisi ni wa jembe milele?"

Nikamwambia la. Nikamsimulia kwamba wako watu wengine wa milimani na wa vishamba vyembamba waliouliza swali kama lake, na majibu yao yapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1910, Konrad von Meyenburg wa Uswisi alibuni mashine ya kulima kwa meno yanayozunguka badala ya plau inayovutwa. Mwaka 1912 huko Gilgandra, Australia, kijana Arthur Clifford Howard alianza majaribio ya namna hiyo kwenye shamba la baba yake. Alipata hataza mwaka 1920, na 1938 akahamia Uingereza kuanzisha kiwanda. Faida ya meno yanayozunguka ni kwamba mashine haihitaji uzito mkubwa ili ipate nguvu ya kuvuta. Kwa hiyo inaweza kuwa ndogo, ya magurudumu mawili, na mtu akatembea nyuma yake. Wajapani, wenye vishamba vya mpunga vilivyopangwa kama ngazi, waliipokea kwa mikono miwili baada ya vita. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 walikuwa nazo zaidi ya milioni 2.

Wakulima wa milima ya Alps walikwenda njia nyingine. Kwenye miteremko mikali waliacha kulima, wakapanda nyasi za mifugo, na mashine walizobuni kwa ajili ya kukata nyasi hizo ni pana na za chini sana, kama kobe. Nao wakulima wa zabibu kando ya mto Mosel, Ujerumani, ambako mteremko ni kama paa la nyumba, waliliacha trekta juu barabarani. Winchi huvuta plau kwa kamba ya chuma kutoka chini, na mtu huiongoza kwa miguu. Wazo hilo ni la zamani: mwaka 1858 Mwingereza John Fowler alipata tuzo kwa plau iliyovutwa kwa kamba na injini ya mvuke. Jibu lao, kwa maneno mengine, ni kwamba si lazima mashine nzito iingie shambani.

Hata kwetu somo hili limekwisha kupita. Kampeni ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 ilileta pawatila kwa wingi. Mahali penye maji na udongo laini, kama mashamba ya mpunga, zilifanya kazi nzuri. Palipo na ardhi kavu na ngumu nyingi zilishindwa, zikaishia kuvuta trela za matofali. Watu wakasema pawatila ni mbovu. Pawatila haikuwa mbovu. Ilipelekwa kujibu swali lisilo lake.

Asubuhi yake tulichukua ubao ulionyooka wa mita mbili, pima maji ya fundi na futi kamba, tukaenda shambani. Tulipima kwa hatua za mita 10 za usawa. Bondeni karibu na mfereji hapakuwa na mteremko wa kutaja. Sehemu ya kati, penye ngazi, ardhi ilishuka mita 2 katika kila mita 10, yaani nyuzi 11 hivi. Juu, penye miwati, ilishuka mita 4 na sentimita 60, karibu nyuzi 25. Tukapima pia njia ya kuingilia, kati ya ukuta wa jirani na makaburi ya wazee: mita 1 na sentimita 40. Trekta la kwenye picha lilikuwa na upana wa mita 1 na sentimita 80. Kijana alicheka mwenyewe. "Babu, kumbe hata lisingefika."

"Vipi trekta dogo?" akauliza. "Yapo ya magurudumu manne yenye upana wa mita 1 na robo."

Hapo nikachora mchangani. Tuchukue trekta dogo ambalo kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine ni mita 1, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 60 juu ya ardhi. Ukiligawa nusu ya upana kwa kimo hicho, unapata kwamba likisimama tuli litaanguka kwenye nyuzi kama 40. Unaona nyuzi 25 ziko mbali. Sasa tairi la juu lipande jiwe la sentimita 15, na la chini litumbukie kwenye mfereji wa sentimita 15. Tofauti ni sentimita 30 katika upana wa mita 1, yaani nyuzi 17 zaidi. Ishirini na tano na kumi na saba ni arobaini na mbili. Trekta limekwisha lala, na bado sijataja mwendo, wala kona, wala mzigo ulionyanyuliwa nyuma. Aidha matrekta mengi yana ekseli ya mbele iliyofungwa kwa pini moja katikati, hivyo kwa mwanzo wa kuinama lina miguu mitatu tu, kama kigoda alichokalia.

Mjukuu aliitazama ile hesabu mchangani kwa muda. Nadhani alikuwa anaona jiwe la mwaka 1976.

Tulikubaliana hivi. Bonde na ngazi zilizo pana zitalimwa kwa pawatila, ambayo inapita kwenye njia ya makaburi na kugeuka mahali padogo. Kingo za ngazi zitapandwa nyasi za guatemala, kama mradi wa hifadhi ya udongo wa Lushoto, SECAP, ulivyohimiza tangu 1981, na nyasi hizo zitalishwa ng'ombe. Sehemu ya juu haitalimwa kwa mashine yoyote; miwati ibaki, na mahali palipo wazi papandwe miti mingine. Fomu ya mkopo ilijazwa upya kwa kiasi kidogo sana kuliko cha kwanza. Niliitia sahihi.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila mtu alifurahi. Mama wa kijana alilalamika kwamba shamba la juu ndilo lenye viazi vitamu sokoni, na kwamba miti haipeleki mtoto shule. Ana haki. Kuacha robo ya shamba bila kulima si maneno matupu kwa mtu mwenye ekari nne. Nilimwambia niliyoyaona, naye alikuwa hajapata kuyasikia. Hakunijibu, lakini hakurudia tena kulalamika.

Wala pawatila si mwanakondoo. Siku ya kwanza kijana aliishusha kwenye njia ya mfereji, akabana klachi ya kushoto ili iende kushoto, nayo ikaenda kulia, nusura imtose majini. Ndivyo ilivyo: penye usawa, ukibana klachi ya upande mmoja, gurudumu lile hukosa nguvu na mashine hugeukia huko. Penye kushuka, gurudumu lililoachiwa ndilo linalokimbia, na mashine hugeukia upande wa pili. Hali kadhalika, usirudi nyuma na pawatila huku meno yanazunguka, maana yatakufuata miguuni. Siku hizi huwafundisha hayo vijana wengine kabla hajawakodishia, na asiyetaka kusikiliza hapewi.

Ubao wetu wa kupimia bado umeegemea ukutani kwangu. Vijana wa jirani huja kuuazima pamoja na pima maji, wengine wakiwa na picha za matrekta mifukoni. Siwaambii wanunue nini. Huwaomba kwanza wakapime, halafu waje tuzungumze; na wakija, huwasimulia habari za kaka yangu.